Maksi Tatu kwa Jibu la Sita

Ninyi mnaosoma hesabu leo, na ninyi mnaoanza kuzifundisha, nawaandikia nikiwa na hasira. Nikisubiri ipoe sitaandika kitu, najijua.

Wiki mbili zilizopita nilishuka Masasi kununua dawa ya kupulizia mikorosho. Karibu na stendi kuna duka la kutoa kopi, na mlangoni wamening'iniza vijitabu vya maswali na majibu kwa kila somo. Nikachukua kimoja cha hesabu za kidato cha tano na sita, nikabishana bei na binti wa dukani mpaka akacheka, nikalipa, nikakaa kwenye benchi la nje kusoma. Katika sura ya polinomia, ile mitajo ya x na vipeo vyake, wameweka kisanduku, na ndani yake maneno ya wino mzito: polinomia isiyo na mzizi haina vigawo, ukikosa mzizi, andika haigawanyiki, nenda swali linalofuata.

Nikarudi ndani kudai hela yangu. Binti akaniuliza kina kasoro gani, kurasa zimepungua? Nikamwambia kurasa zimetimia, nimezihesabu mara mbili, kasoro ni kwamba kinasema uongo. Akasema kurasa zikiwa zimetimia hawarudishi.

Basi ninacho hapa mezani. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na mmoja, mingi yake Newala huko juu kwenye baridi, na uongo ule naujua kama ninavyoujua mguu wangu mbovu. Niliwahi kuutumia mwenyewe kumnyima mtoto wa watu maksi sita, kwa kalamu yangu nyekundu, na sahihi yangu pembeni.

Nianze na jinsi nilivyojifunza, ili mjue sikuwa na kisingizio.

Nilianza kazi nikiwa na cheti kizuri na sijui nusu ya nilichotakiwa kufundisha. Kipeo cha pili hakimsumbui mtu, kila mwanafunzi ana kanuni yake mfukoni. Kipeo cha tatu na kuendelea ndipo watu wanapoanza kuangalia dirishani, na mwalimu mgeni huangalia dirishani kuliko wote. Bahati yangu shuleni alikuwepo Mwalimu Benedikti, mzee wa Lukuledi aliyesomeshwa na mapadri, mtu mfupi wa shati jeupe lililopigwa pasi hata siku ambazo sisi wengine tulikosa maji ya kunawa. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba mzizi hautafutwi kwa kubahatisha. Mzizi ni ile namba ambayo ukiiweka mahali pa x, mtajo wote unakuwa sifuri. Kama ni namba nzima, lazima iigawe namba ya mwisho bila baki. Namba ya mwisho ikiwa sita, wa kuulizwa ni moja, mbili, tatu na sita, na hasi zao. Wanane basi. Saba akijipitishapitisha mlangoni usimfungulie.

Na kama alama zote ni za kujumlisha, alisema, usipoteze muda na namba chanya hata moja. Umejumlisha, ukajumlisha, ukajumlisha tena, sifuri itatoka wapi? Mambo kama hayo mtu yeyote aliyewahi kununua kitu sokoni anayaelewa, lakini nimeona watoto wakijaribu moja, mbili, tatu na sita kwenye x³ + 6x² + 11x + 6, na jasho likiwatoka.

Siku moja aliniachia kipindi chake, yeye akakaa nyuma kwenye dawati la mwisho. Nikaandika ubaoni 2x³ − x² + 2x − 1. Namba ya mwisho ni moja. Nikaweka moja, ikatoka mbili. Nikaweka hasi moja, ikatoka hasi sita. Nikawageukia wanafunzi kwa sauti ya mtu mwenye cheti nikawaambia haigawanyiki. Mwalimu Benedikti akaja polepole, akaniomba chaki kwa adabu kabisa, akafunga mabano mawili: x²(2x − 1) + 1(2x − 1). Akaandika chini yake (2x − 1)(x² + 1). Akapangusa vidole.

"Mwalimu, namba ya mwisho umeisikiliza," akasema. "Ya kwanza hukuisalimia."

Mzizi ulikuwa nusu. Namba iliyotangulia ikiwa mbili, lazima uulize na nusu nusu, hicho ndicho alichotaka kunifundisha. Lakini tulipotoka nje aliniambia jambo la pili, na hilo ndilo zito. Ukikosa mzizi, alisema, sema umekosa mzizi, usiseme haigawanyiki. Akanichorea mchangani kwa kijiti. Kitu cha kipeo cha tatu ukikigawa, lazima kipande kimoja kiwe cha kipeo cha kwanza, na kipande cha kipeo cha kwanza hakikosi mzizi. Kwa hiyo pale kwenye tatu, kukosa mzizi na kutogawanyika ni jambo moja, ukishauliza na namba nzima na visehemu. Lakini kitu cha kipeo cha nne kinaweza kukatika mbili kwa mbili, kila kipande kikawa cha kipeo cha pili, na vyote viwili vikakosa mzizi. Hakuna mzizi hata mmoja, na vigawo vipo viwili.

Nikamwambia nimeelewa. Shikeni neno hilo.

Sasa niwaambie kosa la Newala, maana kila mahali pana kosa lake. Tukiigawa polinomia tulikuwa tunaandika zile namba zinazotangulia x kwenye mstari mmoja, tunashusha ya kwanza, tunazidisha, tunajumlisha. Mnaijua njia hiyo. Chukua x³ − 7x + 6. Mzizi mmoja ni moja: moja, toa saba, ongeza sita, sifuri. Wanafunzi wangu wakaandika 1, −7, 6 wakagawa kwa moja. Wakapata 1, −6, na baki sifuri. Baki sifuri! Darasa zima likatabasamu. Wakaniletea mizizi miwili, moja na sita. Kipeo cha tatu kimezaa watoto wawili, wa tatu yuko wapi hakuna aliyeuliza. Nikawaambia waweke sita mahali pa x. Ikatoka mia moja na themanini. Hata hapo binti mmoja akasema labda sifuri ya huku ni tofauti.

Walichosahau ni kwamba pale hapana x². Nafasi yake lazima iandikwe sifuri: 1, 0, −7, 6. Nilihangaika na jambo hilo mihula miwili. Kila wakiona kitu hakipo, wanasogeza vilivyopo vikae karibu karibu, kama watu kwenye mkeka. Mpaka msimu mmoja wa palizi nikaenda shambani kwa mjomba wangu, alikuwa anapatana na wapaliliaji kwa mstari wa mikorosho. Mstari mmoja ulikuwa na mikorosho saba na mahali patupu pawili, miti ilikufa. Mjomba akataka kuhesabu saba. Mama mmoja mpaliliaji, mkono kiunoni, akamwuliza kwani nyasi za pale patupu zitang'oka zenyewe? Wakahesabu mashimo tisa.

Jumatatu nikaingia darasani nikasema: hapa hatuhesabu mikorosho, tunahesabu mashimo. Mti umekufa, shimo lipo. Tangu siku ile sikuona tena mtu anaruka nafasi. Watoto wa mikorosho hawahitaji kuambiwa mara mbili kwamba shimo tupu ni kazi.

Hicho ndicho kilichomponza Somoe. Au kilichomwokoa, mtaamua wenyewe.

Somoe alikuwa binti wa kidato cha sita, anasoma fizikia, kemia na hesabu, wasichana wanne tu darasani. Mtoto wa wakulima, mkimya, mwandiko mdogo kama wa kubania karatasi. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Shule yetu wakati ule ilikuwa na sheria kwamba mtihani wa majaribio, ule tunaouita moko, ukipata hesabu chini ya arobaini unatolewa kwenye mkondo wa sayansi, unapelekwa kusoma historia na lugha, ukiwa umebakiwa na miezi michache ya mtihani wa mwisho. Mtu afundishwe historia ya miaka miwili kwa miezi minne. Sheria hiyo ilitungwa ili wastani wa shule upendeze, na aliyeitunga aliamini anawasaidia watoto. Niliipigia kelele kwenye vikao viwili, nikanyamaza cha tatu kwa sababu nilichoka. Hilo nalo liandikeni.

Moko ilikuwa ya shule kadhaa kwa pamoja. Walimu tulikusanyika Masasi kusahihisha, karatasi zimechanganywa, hazina majina, namba tu. Tulisahihisha kwa kugawana maswali: kila mwalimu na swali lake, karatasi inazunguka meza nzima. Mimi nikapewa la saba. Swali lilikuwa kuigawa x⁴ + 4 katika vigawo vyake kwa namba halisi. Maksi sita. Mwongozo wa usahihishaji ulikuwa na mstari mmoja tu: haina mzizi, kwa hiyo haigawanyiki.

Nikausoma. Nikakumbuka kwamba x⁴ haiwi hasi, ukiiongezea nne haiwi sifuri kamwe, kwa hiyo ni kweli haina mzizi. Nikaridhika. Mimi, niliyechorewa mchangani kwa kijiti. Nikaanza kupiga kalamu. Aliyeandika haigawanyiki, sita. Aliyeandika kitu kingine chochote, mstari mwekundu kutoka juu mpaka chini, sifuri, sahihi. Ni kazi tamu kusahihisha swali la namna hiyo, mkono unakwenda wenyewe. Nilimaliza kabla ya wote, nikahesabu karatasi zangu mara mbili, mia mbili na kumi na nne, hakuna iliyopotea. Nikasifiwa kwa wepesi. Nikawahi basi la kupanda Newala.

Matokeo yalikuja baada ya siku kumi. Somoe, hesabu, thelathini na nane.

Karatasi zilirudishwa shuleni, nikawagawia. Alasiri yake Somoe akaja ofisini na karatasi yake, akaniamkia, akaiweka mezani imefunguliwa kwenye swali la saba. Nikaona mstari mwekundu mrefu. Nikaona sahihi. Ilinichukua muda kukubali kwamba sahihi ile ni yangu.

Hakulalamika. Alisema tu kwamba amezidisha kurudisha nyuma, mara mbili, na inarudi ile ile, kwa hiyo anaomba nimwonyeshe alipokosea ili asirudie kwenye mtihani wa mwisho. Nikavaa miwani.

Alikuwa ameandika mashimo. 1, 0, 0, 0, 4. Mashimo matatu matupu katikati ya miti miwili. Halafu kwenye shimo la kati akaweka nne na kutoa nne. Nikamwuliza hapa ulifanya nini.

"Nilipanda nne, nikang'oa nne, mwalimu. Shamba halikuongezeka."

Yaani x⁴ + 4x² + 4, kisha toa 4x². Kipande cha mbele ni mraba kamili, (x² + 2)². Kinachotolewa ni mraba wa 2x. Tofauti ya miraba miwili, ambayo tunaifundisha tangu kidato cha pili na hakuna anayeiogopa. Vigawo viwili: x² + 2x + 2, na x² − 2x + 2. Nilikaa nikazidisha mbele yake. Vya x³ vikafutana. Vya x² vikawa mbili, toa nne, ongeza mbili, hakuna. Vya x vikafutana. Ikabaki x⁴ + 4. Nikazidisha tena, nikitumaini nimekosea.

Mimi sikumfundisha kujaza shimo. Nilimfundisha kulihesabu tu. La kulijaza alilitoa kwao, ambako mkorosho ukifa wanapanda mche pale pale.

Nikamwambia aniachie karatasi.

Sasa mnanijua, mimi ni mtu wa kupatana. Sijawahi kununua kuku kwa bei ya kwanza, na mke wangu anasema hata mahari nilipunguziwa. Nikashuka Masasi kwa mwenyekiti wa jopo la usahihishaji, mwalimu mkubwa kwangu kwa cheo na mdogo kwa umri, nikamwekea karatasi mezani. Akaitazama juu juu. Akasema, Baba Mwajuma, hii si sahihi yako? Nikasema ni yangu. Sasa unamshitaki nani? Nikasema najishitaki mwenyewe, naomba unihukumu unipe maksi sita. Akacheka. Akasema mwongozo ulipitishwa na jopo, matokeo yamekwishapelekwa wilayani, akigusa karatasi moja kesho wazazi watajaa mlangoni. Akatoa moja, ya kujitahidi. Nikamwambia moja hata karanga hainunui. Akatoa mbili. Nikasimama kama ninayeondoka, mnajua ule mtindo. Akatoa tatu.

"Chukua tatu," akasema. "Arobaini na moja, mtoto anabaki sayansi, wewe unawahi gari, na mimi nanywa chai yangu."

Nikapiga hesabu, mara mbili. Arobaini na moja inatosha. Nikampa mkono. Kwenye barua akaandika maksi tatu za huruma kwa kuzingatia juhudi za mtahiniwa, akagonga muhuri. Njia nzima ya kurudi Newala nilikuwa na furaha ya mtu aliyepata bei nzuri.

Nilimwita Somoe ofisini, nikampa barua asome mwenyewe. Akaisoma mpaka chini, akarudia. Nilikuwa nangoja ashukuru.

"Mwalimu, mstari upi nimekosea?"

Nikamwambia hakuna mstari uliokosewa, jibu lake ni zima.

"Basi hizo tatu nyingine ziko kwa nani?"

Nikaanza kumweleza mambo ya ofisini, wilaya, muhuri, kwamba tatu zinatosha kumbakiza. Akasikiliza kwa heshima zote. Akasema yeye ameelewa, lakini kama jibu ni kweli ni sita na kama ni uongo ni sifuri, na kwamba akiingia mtihani wa mwisho na swali la namna ile, hajui tena aandike nini. Aandike lililo kweli, au aandike linalopewa maksi? Hicho ndicho alichotaka nimwambie kabla hajaondoka.

Vijana, nimepatana bei maisha yangu yote, na siku ile ndiyo niliyojua nimeuza kitu ambacho hakikuwa changu. Muhogo unapatana. Kuku unapatana. x⁴ + 4 ama ni sawa na hivyo vigawo viwili au si sawa, katikati hapana hata pa kuweka kigoda. Na nilikuwa nimeufurahia mtego: ile barua ilisema kwa muhuri kwamba mtoto amekosea ila tumemhurumia.

Nikamwuliza anaweza kusimama mbele ya mwenyekiti. Akasema kama Mama Fidea ataruhusu. Mama Fidea ni matroni wa bweni la wasichana, mwanamke mpana asiyeruhusu kitu, na nilijiandaa kwa mapatano marefu. Alisikia habari yote akiwa anachambua mchele, akauliza kitu kimoja tu: hiyo hesabu ya mtoto ni kweli? Nikasema ni kweli. Akasema basi Jumamosi tunakwenda wote watatu, na siti ya dirishani ni yake.

Mwenyekiti hakufurahi kutuona. Alisema huruma imeleta msafara. Nikamrudishia barua yake na nikasema tatu hatuzitaki, tunataka sita au sifuri, na kama ni sifuri aandike mstari wenye kosa. Akaiangalia karatasi tena, safari hii kwa makini kidogo, halafu akasema kitu kilichonipandisha damu. Alisema huenda mtoto aliona jibu mahali, au mwalimu wake alimdokezea. Mama Fidea akaweka pochi yake chini.

Kabla hajasema lolote, mwenyekiti akaokota chaki akaandika kwenye ubao wa ofisini x⁴ + 1. Hii gawa, akasema. Alikuwa ametulia kabisa. Aliitoa kama mtu anayemfungulia mgeni mbwa.

Somoe akaamkia kwanza, kwa sababu katika zogo lile hakuna aliyempa nafasi ya kuamkia. Akaandika 1, 0, 0, 0, 1. Akaandika mbili kwenye shimo la kati, na kutoa mbili. (x² + 1)² − 2x². Mwenyekiti akasema mbili si mraba, umekwama. Somoe akasema ndiyo mwalimu, si mraba wa namba nzima, ni mraba wa kipeuo chake, na swali la kwenye mtihani lilisema namba halisi. Akamalizia: x² + √2x + 1, na x² − √2x + 1. Akarudisha chaki kwenye kisahani.

Mwenyekiti alizidisha mwenyewe, ubaoni. Alipofika mwisho alifuta akazidisha tena. Nakiri nilimpenda kidogo alipoanza kuzidisha mara ya pili. Akasema mwongozo ulitoka kwa jopo. Nikamwambia jopo ni wewe na mimi na wenzetu sita, na hakuna hata mmoja wetu aliyezidisha. Mama Fidea akasema anaomba barua iandikwe sasa hivi maana gari la mwisho halimsubiri mtu. Mwenyekiti akaandika. Sita, na neno huruma halimo. Nikaweka sahihi yangu chini ya yake, kwa sababu kosa lilikuwa langu kwanza.

Somoe alibaki sayansi. Sitawaambia alifika wapi, atakasirika, bado ananiamkia kwenye simu.

Tulipokuwa tunangoja gari tukila mihogo ya kuchoma, Somoe akaniuliza kama lile swali la saba nililisahihisha peke yangu. Nikasema ndiyo. Za shule zote? Nikasema za shule zote, mia mbili na kumi na nne. Akaendelea kula. Mama Fidea ndiye aliyeacha kutafuna, akanitazama.

Wiki iliyofuata nikaanza kuzunguka shule kwa shule kuomba karatasi. Nilikwenda kwa bodaboda, kwa baiskeli ya kuazima, kwa miguu. Nyingi zilikuwa zimekwisha kufungia karanga na maandazi, wanafunzi wana matumizi yao. Nilizozipata ni sitini na moja. Nikakaa nazo, safari hii nikisoma, mstari kwa mstari. Karibu wote waliandika haigawanyiki na kupewa sita zao kwa uongo, na hao siwezi kuwanyang'anya.

Moja niliipata upande wa Chiungutwa, ya kijana ambaye alikuwa amekwisha kutolewa kwenye sayansi. Alipata sita kwenye swali la saba, tiki yangu ipo, nzuri, kubwa. Ameandika haigawanyiki. Lakini juu ya neno hilo kuna mistari minne ameikata kwa rula, taratibu, mtu asiyetaka kuchafua. Nikaipeleka kwenye mwanga nikaisoma chini ya mkato. Alijaza shimo la kati. Alifika mpaka kwenye vigawo vyote viwili, sahihi, na alama zake sawa. Kisha akakata, akaandika tulichomfundisha.

Nilirudi nikamtafuta. Nilimkuta anachoma majani shambani kwa baba yake. Nikamwonyesha karatasi, nikamwuliza kwa nini alikata.

"Niliona haina mzizi, mwalimu," akasema. "Nikajua nimekosea, ila sikuona wapi."

Sikuwa na barua ya kumwombea. Maksi zake zote sita alikwishapata.